Sukari Nyumbani: Mwenzi Husaidiwa, Hachungwi

Tuanze na hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa masomo aweza kuifanya. Mtu mmoja hunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, na katika kila kikombe hutia vijiko 4 vya sukari. Kijiko kimoja cha chai, kisichojazwa kupita kiasi, huchukua gramu 4. Basi kwa siku mtu huyo hunywa gramu 48, na kwa mwezi wa siku 30 gramu 1,440, yaani karibu kilo moja na nusu. Kiwandani, ili kupata sukari hiyo, husagwa miwa ya kilo 14 hivi. Kama tungeitafuna miwa hiyo, meno yangechoka, na tumbo lingetuambia kwamba limeshiba. Lakini sukari iliyokwisha kutolewa katika muwa hupita kooni bila kazi yoyote, nasi twaomba kikombe cha pili.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo wengi kwetu hulijua kwa herufi O.M.S., lilitoa shauri lake juu ya jambo hili. Sukari tunayoiongeza katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu zote tunazozipata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kadiri, kipimo hicho ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi. Tena likasema kwamba ni afadhali zaidi kupunguza hata nusu yake, yaani vijiko 6. Basi yule mnywaji wetu wa chai amekaribia mwisho wa kipimo chake, naye bado hajagusa andazi wala chupa ya limonade. Na chupa hiyo, ile ya sentilita 33, mara nyingi ina gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9.

Kwa nini tujisumbue kwa hesabu hizi? Kwa sababu siku hizi, katika miji yetu na hata vijijini, ni jamaa nyingi ambazo baba au mama amerudi kutoka dispansari na habari nzito: sukari imezidi katika damu yake. Wengine husema ni sumu aliyotiwa na jirani, wengine hutaja uchawi. Si hivyo. Nyuma ya tumbo kuna tezi iitwayo kongosho, nayo hutoa maji fulani yenye jina la insulini. Insulini ni kama ufunguo: huifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia katika nyama za mwili, ili iwape nguvu. Katika ugonjwa wa sukari ulio wa kawaida kwa watu wazima, kufuli hukaza, na kongosho, ikisha kufanya kazi kupita nguvu zake, huchoka. Ndipo sukari hubaki nje, katika damu. Figo hujaribu kuitoa pamoja na maji, na kwa hiyo mgonjwa hukojoa mara nyingi na kiu yake haiishi. Wengine hukonda ingawa wanakula vizuri. Wengine huona vidonda vyao haviponi. Na wengi hukaa miaka wakiwa na ugonjwa bila dalili yoyote, mpaka macho, figo au miguu ikiharibika.

Tuwe wa haki, lakini. Sukari ya chai siyo peke yake iletayo ugonjwa huo. Uzito wa mwili, kukaa bila kutembea, na urithi wa ukoo navyo vina sehemu yake. Tena kuna ugonjwa wa sukari wa namna nyingine, unaowashika zaidi watoto na vijana, ambao haukuletwa na ulafi wa mtu yeyote. Kwa hiyo asiwepo wa kumwambia mgonjwa: «Umejitakia mwenyewe.» Neno hilo halijamponya mtu hata mmoja.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mganga wa hospitali amesema: «Punguza sukari, punguza wanga, tembea.» Maneno matatu tu, lakini kuyatimiza ni kazi ya kila siku, na kazi hiyo haifanyiki hospitalini bali jikoni na mezani. Yule aliye karibu zaidi na mgonjwa ni mwenzi wake wa ndoa. Afanye nini?

Wengi hugeuka askari. Mke huficha kopo la sukari, mume humwuliza mkewe mbele ya wageni: «Hicho ni kijiko cha ngapi?» Nia yao ni njema, lakini matokeo ni mabaya. Mume anayehesabiwa vijiko nyumbani kwake atakunywa chai yake kwa jirani. Mke anayeaibishwa mbele ya watoto atakula mandazi yake sokoni. Hapo sukari haikupungua. Imejificha tu, na pamoja nayo umejificha ukweli ambao watu wa ndoa wanadaiana. Wazee walisema: chovyachovya humaliza buyu la asali. Mlinzi hawezi kukizuia kila kidole. Lakini mtu mwenyewe, akisaidiwa vema, aweza kuacha kuchovya.

Basi haya ndiyo yanayosaidia.

Kwanza, semezaneni wakati wa amani, ninyi wawili peke yenu, wala si wakati sahani iko mezani. Mwulize mwenzako: «Lililo gumu kwako ni lipi?» Huenda ni chai ya asubuhi, huenda ni chupa anayoinunua akitoka kazini. Anzeni na jambo moja alilolichagua yeye.

Pili, msitie sukari katika birika. Katika nyumba nyingi chai hutiwa sukari ingali jikoni, na hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Sukari iwekwe mezani, kila mtu atie katika kikombe chake. Na mgeni je? Wengi huona haya kumpa mgeni chai isiyo tamu, kama kwamba wamemnyima heshima. Mpelekeeni kikombe na bakuli la sukari pembeni. Heshima yake ni kukaribishwa na kuachiwa kuchagua.

Tatu, shukeni ngazi moja moja. Anayetumia vijiko 4 atumie 3 kwa majuma mawili, kisha 2, kisha 1. Ulimi ni mwanafunzi: hufundishika. Baada ya miezi michache wengi huona kwamba chai yao ya zamani ni tamu kupita kiasi. Tangawizi, mchaichai au kipande cha limau huipa chai ladha nzuri. Lakini msidanganyike na asali: nayo ni sukari, na damu huipokea kama sukari.

Nne, tazameni sahani nzima. Huku kwetu hili lasahauliwa mno. Mtu aweza kuacha kabisa sukari ya chai, naye akala mlima wa fufu mara mbili kwa siku. Fufu ya muhogo na bukari ya mahindi si tamu ulimini, lakini tumboni wanga wake hugeuka sukari na kuingia katika damu. Haikatazwi kuila, bali ipimwe. Gawanyeni sahani hivi: nusu iwe mboga, kama lengalenga, sombe au kabichi, robo iwe fufu, wali au viazi, robo iwe maharage, ndakala, samaki au nyama. Maharage yana faida mbili, kwa maana hujenga mwili na sukari yake huingia katika damu polepole. Mafuta ya mawese yawe kidogo.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: jamaa nzima ile chungu kimoja. Msimpikie mgonjwa chungu chake cha huzuni, huku wengine wakinywa limonade mbele ya macho yake. Chakula tulichokitaja si chakula cha wagonjwa. Ni chakula chema cha kila mtu. Watoto watakaozoea maji safi na matunda mazima hawatakuwa na mazoea ya kupigana nayo watakapokuwa na umri wa miaka arobaini. Wewe baba, usimwachie mkeo kazi hii yote. Kama yeye ndiye mgonjwa, acha kuleta nyumbani kreti ya vinywaji vitamu, wala usidai mlima wako wa fufu. Kama mgonjwa ni wewe, usimkasirikie akuwekeaye mboga nyingi. Siku ya arusi mliahidiana kuwa pamoja katika uzima na katika ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ndio huu, nao huja kila siku saa ya chakula.

Sita, tembeeni pamoja. O.M.S. yashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo au za kazi ya mwili kila juma. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Jioni mkifuatana njiani mtapata nafasi ya mazungumzo pia.

Lakini hapa pana onyo ambalo kila nyumba ya mgonjwa ilijue. Mtu anayetumia sindano za insulini, au vidonge fulani vya kushusha sukari, asibadili ghafula chakula chake bila kumwuliza mganga, wala asifunge bila shauri lake. Dawa ikibaki ileile na chakula kikipungua mno, sukari ya damu yaweza kushuka kupita kiasi. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, njaa humshika kwa nguvu, hata maneno yake huchanganyika kama ya mlevi. Saa hiyo sukari ni dawa! Mpeni upesi vijiko 3 au 4 vilivyokorogwa katika maji, ngojeni robo saa, mrudie kama bado hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, bali mpelekeni hospitalini mbio. Ndiyo sababu kuficha kopo la sukari kwaweza kuwa hatari. Kila mtu wa nyumba ajue lilipo.

Tena tumshukuru Mungu kwamba dawa hizo zipo. Kabla ya mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipofaulu kutoa insulini huko Toronto, nchini Kanada, mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu alikuwa wa kufa tu. Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, na siku hiyo kila mwaka hukumbukwa ulimwenguni pote kuwa siku ya ugonjwa wa sukari. Hospitali nyingine hupima watu siku hiyo. Nendeni wawili, mume na mke. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa 126 au zaidi, na kikirudiwa kikaonyesha vilevile, mganga atawaambia la kufanya.

Neno la mwisho ni juu ya mfuko. Jamaa ikipunguza nusu ya sukari yake, fedha iliyobaki yatosha kuongeza maharage au ndakala katika chungu. Hivyo hakuna aliyenyimwa kitu. Kilichokuwa kikimdhuru mmoja kimegeuka chakula cha wote.