Kompyuta yako hupeleka habari wapi?

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huamini kwamba faiawoli, ile programu inayolinda mashine dhidi ya wavamizi wa intaneti, hukagua kila kitu. Ukweli ni kwamba mara nyingi hukagua yanayoingia tu.

Ile iliyoboreshwa katika Windows XP mwaka 2004 haikuzuia yanayotoka hata kidogo. Tangu Windows Vista ya 2007 uwezo huo upo, ila programu yoyote huachiliwa kutoka hadi mwenye mashine aipige marufuku. Faiawoli ya macOS nayo hushughulikia yanayoingia pekee.

Hapo ndipo hatari ilipo. Programu ya kijasusi iliyobebwa na flashi kutoka saiba haibishi hodi. Tayari iko ndani, na kazi yake ni kumpelekea mwizi maneno ya siri ya benki.

Anayetaka mlinzi wa pande zote atafute faiawoli inayotaja ni programu gani inataka kutoka na inakokwenda, kisha ingoje ruhusa. Wenye Mac wana LuLu, ya bure, au Little Snitch ya kulipia. Wa Linux wana OpenSnitch. TinyWall ya Windows haiulizi: huzuia yote ambayo hayajaruhusiwa. Huenda hiyo ni nafuu, kwani mtu akichoshwa na maswali huanza kuitikia kila kitu.

Hata hivyo, majina mageni yasizuiwe ovyo. Svchost.exe, kwa mfano, ni ya Windows yenyewe, na ikifungiwa, kompyuta yaweza kukosa marekebisho ya usalama.