Je, Wajua? Gome la mtufaha na figo za mwenye kisukari

Mwaka 1835 wanakemia wa Ubelgiji walipata kitu kichungu, florizini, kwenye gome la mizizi ya mtufaha. Kikadhaniwa ni dawa ya homa. Mwaka 1886 daktari Mjerumani Josef von Mering akaonyesha kinamfanya mbwa akojoe sukari, hata asipokuwa na kisukari! Kwa kawaida figo huchuja sukari, kisha huirudisha kwenye damu. Florizini huziba njia hiyo ya kurudi. Gome lenyewe usihangaike kulichemsha: florizini huvunjwa tumboni na huharisha. Maabara ziliiga umbo lake, zikatengeneza vidonge kama kanagliflozini. Majaribio yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kidonge hicho hupunguza kasi ya figo kuharibika kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili.