Fedha na Thamani ya Mtu (Sehemu ya Pili): Kahawa Inayouzwa Gizani

Wiki iliyopita tuliangalia kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na jinsi mtu wa Bukoba au Muleba anavyojipima kwa migomba yake kabla ya kujipima kwa fedha. Leo tuingie kwenye jambo linaloumiza zaidi, nalo ni butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua, au ikiwa mbichi mtini, kwa bei anayoipanga mwenye fedha.

Butura imepigwa marufuku, na viongozi wa Kagera wameikemea miaka nenda rudi. Haifi. Wenzetu wa korosho wana kangomba yao, na kule Mbinga wakulima wa kahawa wana magoma. Mara nyingi tunaambiwa kwamba mkulima huuza hivyo kwa sababu ni maskini na hana elimu. Kuhusu umaskini sina ubishi. Kuhusu elimu, hapana.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwezi Februari mzee anapewa shilingi 100,000, naye anaahidi kutoa kilo 100 za kahawa ya maganda mwezi Juni. Msimu ukifunguliwa, tuseme kilo moja inanunuliwa kwa shilingi 2,000. Mzigo ule sasa una thamani ya shilingi 200,000. Mzee amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi minne. Hesabu hii haimshindi. Mwuzie mbuzi mzee huyohuyo uone kama utamzidi shilingi elfu moja. Iweje basi kwenye kahawa ainamishe kichwa?

Naamini ni kwa sababu anaona aibu kuhitaji fedha, na aibu hiyo ina historia. Huku kwetu kahawa ilikuwa heshima kabla haijawa fedha. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwazo kabla hajaeleza kilichomleta. Waliochanjiana udugu walimeza buni mbili za tunda moja, zimepakwa damu. Tena watawala ndio waliodhibiti upandaji wake. Wakoloni walipowahimiza watu wa kawaida kuipanda, kahawa ikaleta ada ya shule, mabati na baiskeli. Hata mtu aliyeishi chini ya nyarubanja, akimlipa bwana kodi kwa ardhi aliyoilima mwenyewe, akapata kitu cha kumfanya asimame mbele za watu. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliundwa mwaka 1950, na sheria ya kuwakomboa watwarwa, yaani wapangaji wa nyarubanja, ikaja mwaka 1965. Kwa vizazi hivyo vyote mwenye kahawa alikuwa mtu kamili. Mwenye kahawa anayekwenda kuomba mkopo wa ada mbele ya majirani anajiona amevuliwa nguo.

Ndiyo maana butura hufanyika jioni, nyuma ya nyumba. Mnunuzi anaijua aibu hiyo na ndiyo mtaji wake. "Tata (baba), mimi nakusaidia tu, hili libaki kati yetu." Maneno hayo yana ladha ya adabu, lakini yanafunga mlango wa ushindani. Mtu anayeficha shida yake hawezi kuuliza bei kwa watu wawili. Hawezi kwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuuliza kama kuna malipo ya awali. Hawezi hata kumwambia mkewe.

Hapo kwa mke nitakaa kidogo. Kwa desturi yetu kahawa ni mali ya mume, na maharage na karanga ni za mke. Lakini anayepalilia chini ya mibuni, anayeweka matandazo na kuanika maganda kwenye jamvi ni mke na watoto. Kuna wanawake wanaoijua butura siku mtu mwingine anapokuja na magunia yake uani kuchukua kahawa waliyoianika wao. Siri iliyotunzwa ili kulinda heshima ya baba ndiyo inayomvunjia heshima ndani ya nyumba yake.

Nisieleweke kwamba yote ni imani hii, kwamba kuhitaji fedha ni aibu. Shida yenyewe huibana akili. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Watafiti waliwapima watu walewale kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Ni watu walewale, vichwa vilevile. Kwa hiyo anayemwita muuza butura mjinga anamkosea. Amemkuta Februari na kumhukumu kana kwamba ni Septemba.

Imani hiyohiyo ya aibu inawatesa hata wafanyabiashara wa mjini. Mwenye duka wa Kashai, mjini Bukoba, anaona haya kudai deni la mtu anayesali naye kanisa moja, halafu anakopa ili ajaze bidhaa. Mwingine anajenga nyumba kubwa kijijini ili ionekane Krismasi, huku biashara yake ikikosa mtaji. Hao nitawarudia wiki ijayo.

Kwa leo nina ombi kwa wenye kahawa. Ada hudaiwa Januari, na mavuno yetu huanza karibu na Mei. Pengo hilo halijawahi kuwa siri, wala si fedheha ya mtu mmoja. Lizungumzeni kwenye vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA na kwenye mikutano ya AMCOS, wanawake wakiwepo na wakisikilizwa. Kila mwenye mtoto shuleni ataje kiasi atakachohitaji. Fanyeni hivyo Septemba, fedha za msimu zikiwa bado mkononi, na mtenge ada ya Januari siku hiyohiyo.