Kabla ya Kuulizia Besi

Pale Kibaoni, kata ya mji wa Ifakara mkoani Morogoro, hedifoni hununuliwa katikati ya makelele. Bodaboda zinanguruma zikisubiri abiria, mashine ya kukoboa mpunga inafanya kazi, na kila mwenye kibanda ametoa spika yake mlangoni. Mnunuzi anachomeka iafoni kwenye simu, anapandisha sauti mpaka mwisho, anasikiliza singeli nusu dakika, kisha anauliza swali moja tu: "Besi ipo?" Ikimkolea, anatoa hela na kuondoka.

Jaribio hilo linampoteza. Sauti ile aliipandisha ili ishindane na mashine ya mpunga, na iafoni iliyoshinda pale kibandani ndiyo atakayolala nayo masikioni usiku, chumba kikiwa kimya, huku kidole kimeshazoea kupandisha.

Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, kimrija kilichojiviringa kama gamba la konokono, ukubwa wake kama punje ya njegere. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele visivyoonekana kwa macho. Sauti inapoingia, majimaji ya ndani yanatikisika na vinywele vinainama kama mpunga unaopigwa na upepo. Kuinama huko ndiko kunakozaa ishara inayokwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mfupi huulaza mpunga, halafu ukainuka tena: ndiyo ile hali ya mtu kutoka kwenye muziki masikio yakiwa kama yameziba pamba, kesho yake yakazibuka. Kelele zikirudiwa mwezi hadi mwezi, seli zinakufa.

Zikifa zimekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndege wanaweza kuotesha seli hizo upya. Kifaranga aliyeharibiwa masikio kwa kelele husikia tena baada ya wiki kadhaa. Binadamu hana uwezo huo. Kuku anayedonoa chenga pembeni mwa mashine ya kukoboa atarudishiwa usikivu wake, lakini mwendesha mashine hatarudishiwa.

Dalili mojawapo ya uharibifu huo ni mlio wa sikio, ambao watu wazima wa hapa bonde la Kilombero wanaujua kwa njia nyingine. Malaria imekaa sana katika bonde hili, na Ifakara imekuwa na kituo cha utafiti wa magonjwa tangu 1956, kilipoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Aliyewahi kutibiwa kwa kwinini anakumbuka jinsi masikio yalivyovuma, watu wakimsemesha akawasikia kwa mbali. Mvumo ule kwa kawaida ulikwisha dozi ilipokwisha. Mvumo unaoletwa na miaka ya kelele huweza kubaki maisha yote, nao husumbua zaidi usiku, pale mtu anapotafuta usingizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limepima hatari hii kwa desibeli na kwa saa. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila wasiwasi mkubwa. Mtoto, ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Ugumu uko kwenye namna desibeli zinavyohesabiwa: kila zikiongezeka tatu, nguvu ya sauti inayofika sikioni inakuwa maradufu, kwa hiyo muda unakatwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20 tu. 86, saa 10. Ikifika 90 zimebaki saa nne kwa wiki nzima, na kwenye 100, ambako simu nyingi zikiwa na iafoni zinafika bila taabu, ni dakika 20. Wiki nzima! Kijana anayetoka Ifakara kwa basi kwenda Morogoro akiwa amefungulia mpaka mwisho anaimaliza akiba yake ya wiki kabla ya kufika Kidatu.

Sasa ndipo uchaguzi wa hedifoni unapoingia. Watu hupandisha sauti kwa sababu ya kelele za nje, hivyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni uwezo wa kuzuia kelele hizo. Iafoni za plastiki tupu, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kipira, hazizuii kitu. Zenye vipira vya silikoni huziba tundu vizuri, ilmradi kipira kiwe cha saizi yake. Boksi kwa kawaida huwa na saizi tatu, na wengi hutumia kile kilichokuja kimevalishwa, vingine vikatupwa na boksi. Hasara yake ni mara mbili, maana kipira kisipoziba, besi huvuja yote. Anayelalamika kwamba iafoni yake haina besi mara nyingi ana iafoni nzuri yenye kipira kidogo.

Namna ya kuvaa nayo ina ufundi wake. Mkono wa kushoto unapita juu ya kichwa, unavuta sikio la kulia kwenda juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka. Mkono wa kulia unaingiza iafoni taratibu kwa kuizungusha. Ikikaa sawasawa, mngurumo wa barabarani unashuka ghafla kabla hata muziki haujaanza.

Hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima hufanya kazi hiyohiyo kwa mito yake, ila kwa joto la Kilombero, hasa nyakati za masika, masikio yanaloa jasho. Jasho si jambo dogo. Tundu la sikio lenye unyevu na joto huota fangasi, muwasho ukaanza, na mtu akaingiza kijiti kujikuna akazidi kujiumiza. Mito na vipira vifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya matumizi, na iafoni za ndani ya sikio zisiazimwe. Anayetoka jasho sana atazame kwenye boksi maandishi IPX4, maana yake kifaa kinahimili matone ya maji.

Ziko pia zinazofuta kelele kwa umeme. Maikrofoni yake hunasa mngurumo wa nje, kisha kifaa kinatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, mawimbi hayo mawili yakakutana yakauana. Mmarekani Amar Bose alilipata wazo la hedifoni za namna hiyo akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Zinafaa sana kwa mvumo usiobadilika: jenereta, feni, treni ya TAZARA ikielekea Mlimba. Kwa sauti za watu hazisaidii sana. Na dereva wa bodaboda asizivae kabisa akiwa barabarani. Honi ya lori anaihitaji kuliko wimbo.

Kuhusu zisizo na waya, hofu ya mionzi haina msingi. Bluetooth ya iafoni hutumia nguvu ndogo mno, chini sana ya ile ya simu yenyewe mtu anapoiweka sikioni kupiga. Udhaifu wake wa kweli ni betri, ambayo ikichoka baada ya miaka michache ni vigumu fundi kuibadilisha. Yenye waya haidai chaji, na umeme ukikatika inaendelea kuimba.

Bandia ni nyingi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kutumia namba za IMEI, lakini hedifoni haina namba ya namna hiyo, kwa hiyo mkaguzi ni mnunuzi mwenyewe. Maandishi "20 Hz – 20 kHz" kwenye boksi yasimbabaishe, kwani hata za bei ya chini kabisa huandikwa hivyo. Autikise waya pale unapoungana na pini, ndipo nyingi zinapofia. Ikikwaruza, airudishe mezani.

Kisha asogee hatua chache, mbali na spika za mlangoni, aweke wimbo anaoujua kwa moyo. Rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi ya mkoa huuhuu, zinafaa kuliko singeli, kwa sababu magitaa yake yanajibizana na kila moja lina njia yake. Simu nyingi za Android zina ngazi 15 za sauti, na WHO inashauri mtu asivuke asilimia 60, yaani ngazi ya tisa. Aanzie ya sita. Kama gitaa la solo linasikika peke yake, la pili likijibu pembeni, na besi ikitembea chini yake bila kuyafunika, atoe hela.