Vigae vya Sahani Ukutani

Hakuna nyumba isiyovunja sahani. Birika hudondoka, bakuli hupasuka, na kikombe kizuri huvunjika siku ile ile walipokuja wageni. Mama huokota vigae akavitupa jaani, na habari huisha. Huja kukumbukwa tu mtoto akijikata unyayo. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakukubali habari iishe jaani.

Katika nchi ya Ufaransa uko mji uitwao Chartres, wenye kanisa kuu la kale, mashuhuri kwa madirisha yake ya vioo vya rangi. Katika mji huo alizaliwa Raymond Isidore, mwaka 1900. Hakuwa tajiri, wala hakusomea kazi ya picha. Alikuwa mfagiaji wa makaburini. Alinunua kiwanja kidogo, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akakaa humo na mkewe.

Yapata mwaka 1938, alipokuwa akitembea mashambani, aliona vigae vya sahani na vipande vya vioo viking'aa. Akaviokota kwa ajili ya rangi zake, asijue atavifanyia nini, akavilimbika pembeni mwa bustani. Hata siku moja akapata shauri la kuvipachika ukutani kwa saruji. Alianza ndani ya nyumba. Ndani kulipojaa, akatoka nje, akavipachika katika kuta za ua na njia za bustani. Alifanya maua, ndege na watu, na sura ya kanisa kuu la mji wake, na mji wa Yerusalemu. Tena alijenga chumba kidogo cha sala. Vyote hivyo ni vya vigae vilivyotupwa na watu.

Watu walimcheka. Walimwita Picassiette, jina la mzaha lililotoka katika neno la Kifaransa la mtu mdoezi, na ndani yake limo neno la sahani. Wengine walimdhani ana wazimu. Yeye aliendelea na kazi yake miaka mingi, akafa mwaka 1964. Leo nyumba ile ni mali ya mji, serikali imeiweka katika hesabu ya majengo yanayolindwa, na wageni hutoka mbali kwenda kuitazama.

Wasomaji wetu wa pwani hawatastaajabu sana. Mambrui, kaskazini ya Malindi, na Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya kale ambayo mafundi waliyapamba kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika chokaa. Yale hayakuwa takataka, yalikuwa vyombo vya thamani. Walakini ufundi ni ule ule. Mabakuli mengi yamekwisha kung'olewa na watu, yamebaki mashimo matupu. Basi, akionaye kilichosalia na akiache mahali pake.

Kazi hii yaweza kufanywa na mwalimu pamoja na wanafunzi, au na baba pamoja na watoto wake. Ukuta wa mawe au wa matofali ya kuchoma wafaa. Ukuta wa udongo haufai, kwa kuwa saruji haishikamani na udongo, hubanduka pamoja na vigae. Osheni vigae mpaka mafuta yatoke. Vilivyo vikubwa vitieni ndani ya gunia, mtu mzima avivunje kwa nyundo, watoto wakikaa mbali. Kingo kali zisugueni kwa jiwe. Kisha pangeni picha yenu mchangani kwanza, mpaka iwapendeze.

Lowesheni ukuta, mpake lipu ya saruji fungu moja na mchanga mafungu matatu. Msipake ukuta wote mara moja, maana lipu ikikauka haipokei kigae. Pakeni sehemu ndogo, mpachike, ndipo mwendelee. Nafasi zilizobaki jazeni saruji laini, mfute kwa kitambaa kibichi. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa siku tatu, ukuta usipasuke kwa jua. Mwisho piteni na kiganja polepole, mkitafuta ncha iliyotokeza, kwa maana mtoto ataipitia.

Neno moja zaidi. Isidore hakujua kiasi: alipachika vigae hata juu ya kitanda na juu ya cherehani ya mkewe. Twamsifu kwa subira yake, lakini mume Mkristo na amwulize mkewe kwanza. Pambo la nyumba lisiwanyime raha walio ndani.

Wazee walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Na Bwana wetu, alipokwisha kuwashibisha makutano, aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Kama vipande vya mkate vilikuwa na heshima hiyo, je, mtu? Labda katika kijiji chako yuko mmoja achekwaye na wote, kama alivyochekwa yule mfagiaji. Usingojee afe ndipo ukaitazame kazi yake. Nenda leo, ukamwamkie, umwulize afanya nini.