Kununua bunduki ya zamani ya shabaha: usidanganywe na mti

Bandugu wahitimu, kwetu Kivu bunduki njo kilio. Huku Ubelgiji nilijifunza kuishika kwa mchezo tu, tena kwa kibali. Ya kwanza nilichagua kwa macho: kitako kinang'aa. Kumbe mtutu umeoza! Pesa ikapotea.

Sasa naangalia vitu vitatu. Mfano ni Winchester 52, ya risasi ndogo .22, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1920.

Kwanza, mtutu. Nikishahakikisha haina risasi, nachomoa komeo na kumulika ndani: iko na kutu? Naangalia mdomo pia. Fimbo ya kusafishia ikipitia pale miaka mingi, inaula, na risasi inaenda kombo.

Pili, vilengeo. Kama vimepotea, kupata vingine vya zamani ni kazi na pesa.

Tatu, naomba kuijaribu kwa mita 50, risasi tano-tano za aina mbalimbali. Matundu yakikaa pamoja, hata mbali na katikati, ni muzuri: kilengeo kinarekebishwa. Yakitawanyika kwa risasi zote, mwachie mwenyewe, hata kitako kikiwa kama kioo.