Majitaka Yachujwe Kabla ya Kutiwa Dawa

Mto Mara haujui mipaka ya wilaya. Huanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita katika Hifadhi ya Serengeti, kisha hushuka kati ya Tarime na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kwa hiyo majitaka ya wilaya hizo mbili si shauri lao peke yao; ni shauri pia la mwananchi wa Rukuba na wa Ukerewe, anywaye maji ya ziwa.

Ipo fikra kwamba majitaka yakitiwa klorini kwa wingi yamekwisha kuwa salama. Hatukubaliani na fikra hiyo. Vijidudu hujificha ndani ya chembe za tope na kinyesi, na dawa isiwafikie. Uchafu wenyewe nao huila klorini kabla haijafanya kazi yake. Kuongeza dawa ni kuongeza gharama, na hata kuzaa kemikali zenye madhara. Mwanga wa kuulia vijidudu nao haupenyi maji yenye tope. Tena mayai ya minyoo hayaogopi klorini; dawa yake ni kuyazuia kwenye chujio.

Historia inatufunza thamani ya chujio. Mwaka 1892 miji ya Hamburg na Altona, nchini Ujerumani, ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Hamburg haikuyachuja, kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, iliyoteka maji chini ya Hamburg, yakiwa yamekwisha kupokea uchafu wa jirani yake, iliyachuja kwa mchanga na ikanusurika kwa kiasi kikubwa.

Tunawahimiza wakuu wa Serikali wanaopanga mitambo ya majitaka wafuate utaratibu huu: kwanza uchafu utuame, pili maji yachujwe, tatu yatiwe dawa, kisha yapimwe kabla ya kuachiwa. Mchanga wa chujio usafishwe kwa wakati, kwani chujio lililoziba halina faida.

Nao ndugu zetu wa visiwani wasingoje mitambo. Maji ya kunywa wayaache yatuame, wayachuje kwa kitambaa safi, wayatie dawa kwa kipimo kilichoelekezwa, kisha wangoje dakika 30. Dawa ni askari mzuri, lakini hawezi kumpiga adui asiyemwona.